Shangazi Aliyeugua kwa Niaba Yangu

Wewe uliyelala hapo na shingo haigeuki, na wewe uliyeketi kando yake hujui mikono yako uiweke wapi, nawaandikia ninyi wawili. Wengine wakitaka kusoma wasome, ila wasicheke kwa sauti. Sababu ya kutaja sauti mtaiona mbele.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa fundi cherehani hapa Garissa, upande ule ambao siku hizi unaitwa Iftin. Kwa watu wangu mwanamume husifiwa kwa umbali aliofika na ngamia wake. Baba yangu alivijua visima vyote mpaka Modogashe na kuendelea. Mimi niliijua njia ya sokoni, na hata hiyo niliipenda zaidi wakati wa kurudi. Nilisomeshwa sekondari huko bara, nikarudi na Kiswahili safi na majina ya mito ya ng'ambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikanunua cherehani, nikaketi barazani, nikatulia. Kwetu kila mtu ana jina la utani na hachagui mwenyewe. Mimi niliitwa Gurijoog, maana yake mkaa nyumbani. Msidhani ni sifa.

Kilichotembea kwangu kilikuwa mdomo. Aliyepita mbele ya baraza langu hakupita bure. Mwenye kitambi nilimuuliza anajifungua lini, mwenye upara nilimwambia ajifunike, jua lisije likaakisi likachoma nguo za watu. Vita vya shifta, kati ya serikali na wapiganaji wa huku kwetu, vilipopamba moto, serikali ikaweka kafyu, jua likizama mtu asionekane nje. Mimi nikawaambia wateja kwamba hatimaye nchi nzima imefuata mwenendo wangu. Walicheka kidogo tu. Mmoja alikuwa na kijana asiyejulikana aliko, mwingine ngamia wake walikuwa wamekusanywa kwenye zizi la serikali.

Sasa ugonjwa. Nyumba yetu ilizungushiwa ua wa matawi ya miiba, na mlango wake ulikuwa tawi zima linalovutwa jioni kuziba pengo. Tawi kama hilo halishikwi kwa mkono. Lina fimbo yake, tunaiita hangool, upande mmoja ndoano ya kuvutia, upande wa pili panda ya kusukumia. Wanawake wetu huitumia taratibu. Tawi likikataa huku, wanalizungusha huku, wanalifuata kidogo linakotaka kwenda, mpaka linaketi lenyewe mahali pake. Mtu akitazama hawezi kusema ni nani aliyemshinda mwenzake.

Jioni moja tawi lilikwama. Mbuzi walikuwa wameshaingia na filimbi ya askari ilikuwa imelia. Mke wangu Halima akasema, "Ngoja niazime hangool kwa jirani, yetu imevunjika."

"Mlango wangu mwenyewe niuombee ruhusa ya kufungwa?"

"Si ruhusa, ni fimbo. Ngoja."

Sikungoja. Nikalivuta kwa mikono, likakataa. Nikalipiga teke. Mwiba ukapita kwenye soli ya akala zangu za tairi kama sindano inavyopita kwenye kitambaa, ukaingia katikati ya unyayo, ukakatikia humo. Halima aliporudi na fimbo, aliufunga mlango kwa muda wa mtu kupiga chafya mara mbili, kisha akaja kunitazama nimeketi chini nimeukumbatia mguu.

"Nani ameshinda?" akauliza.

Nikachukua sindano nikauchokoa mwiba. Nilivyozidi kuchokoa ndivyo ulivyozidi kuzama. Nikachoka, nikapaka majivu. Damu ikakoma, ngozi ikajifunga vizuri ajabu, nami nikajiona daktari. Ndugu zangu, kidonda cha mwiba kilichojifunga haraka vile hakijapona. Kimefunga mlango na adui yuko ndani.

Wiki moja hivi ikapita. Asubuhi Halima akaniwekea anjera na chai. Nikataka kung'ata, mdomo ukakataa kupanuka. Nilidhani nimelilalia taya vibaya. Nikakata vipande vidogo nikavipenyeza kwa kidole. Shingo nayo ilikuwa imekakamaa, na mgongo ukiuma kama niliyebeba magunia, mimi ambaye sijawahi kubeba hata moja.

"Leo umenyamaza," Halima akasema. "Nyumba ina baraka."

Mchana akaja shangazi yangu Barni. Huyu ni dada ya baba, ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Maisha yake yote aliita ngamia kutoka upande wa pili wa mbuga, kwa hiyo sauti ya kuongea na mtu wa karibu hakuwahi kujifunza. Kwetu shangazi anaitwa eeddo, naye humwita mtoto wa kaka yake eeddo vilevile, kwa mapenzi. Aliingia akilia. Ngamia wake wa maziwa, aliyekuwa amembakia peke yake, alikuwa amechukuliwa katika msako wa asubuhi. Alisimulia alivyomfuata nyuma akiita, na ngamia akigeuza kichwa kila akisikia jina lake.

Nami nikawa nimeketi mbele yake nacheka.

Niwaeleze vizuri, maana hapa ndipo nilipopata aibu kubwa kuliko zote. Sikuwa nacheka. Misuli ya uso ilijivuta yenyewe, pembe za mdomo zikapanda juu, meno yote yakatoka nje, nyusi zikainuka. Ugonjwa huu ndivyo unavyoanza kwa baadhi yetu. Unakuvika kicheko halafu unakiacha hapo. Nilijaribu kukishusha kwa vidole, kikarudi.

Shangazi akanisogelea. "Eeddo, unanicheka?"

Nikataka kusema hapana. Ikatoka "hi-hi" kati ya meno.

"Ngamia wangu ameenda na Gurijoog ananicheka!"

Na nani angeshangaa? Mji mzima nilikuwa nimeucheka. Ningekuwa mtu mkimya, mwenye heshima zake, wangesema huyu ana jambo. Nilikuwa natazama machozi ya mama aliyenilea, nataka kufa kwa huruma, na uso wangu unafanya sherehe.

Halima ndiye aliyeinama mbele yangu. Akatazama, akakawia. "Eeddo, usimtazame mdomo," akasema. "Mtazame macho. Huyu analia."

Hapo mambo yakageuka, na hasira ya shangazi yote ikawa dawa. Akachukua mwiko wa mti akaupenyeza kati ya meno yangu ili aubanue mdomo anitie maziwa. Akasukuma. Taya likazidi kujifunga, kama lilikuwa linangojea tu mtu wa kushindana naye. Kikasikika kitu, ta! Jino la mbele likakatika. Mdomo haukufunguka hata upana wa uzi.

"Basi tumpige moto," akasema. Kwetu ugonjwa usioeleweka huchomwa. Kijiti kinawashwa, kinapulizwa mpaka ncha iwe nyekundu, kinawekwa shingoni. Alikuwa anakipuliza wakati Halima alipoangusha kifuniko cha sufuria.

Mlio ule ulinipiga kama rungu. Mgongo ukapinda kwa nyuma nikasimamia kisogo na visigino, tumbo likawa ubao, ngumi zikajifunga. Ulimi ukanaswa katikati ya meno, nikameza damu yangu. Na akili, ndugu zangu, akili haiendi popote. Unaona kila kitu, unasikia kila kitu, unamsikia mkeo akiita jina lako. Huna hata kope moja ya kumjibu.

Pigo lilipopita, shangazi alikuwa bado ameshika kijiti. Akakizima kwenye mchanga.

Walinilaza kwenye mkokoteni wa punda wa muuza maji, katikati ya mapipa mawili, wakanifunika shuka. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akainua shuka.

"Huyu anacheka nini?"

Halima alijua Kiswahili cha sokoni tu. "Hacheki, afande. Gonjwa. Mdomo nakataa kufunguka."

"Wewe! Nakuuliza wewe! Unanicheka mimi?"

Aliyekisomea Kiswahili kwenye mkokoteni ule nilikuwa mimi. Ningeweza kumwambia afande kwa sarufi nzuri, na methali juu, kwamba simcheki. Nilimtolea meno tu. Akapiga ubavu wa mkokoteni kwa kitako cha bunduki, na mlio ule ukanipinda tena mpaka mapipa yakagongana. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akashika kofia yake. "Peleka!" akasema. "Peleka huko! Mbio!" Nadhani hata yeye alikuwa kijana tu, mbali na kwao.

Hospitalini daktari alinitazama, hakunigusa. Akamwambia Halima polepole, "Ni pepopunda. Sumu imeingia kwenye mishipa. Tutampa dawa ya kuizuia ile ambayo haijashika, lakini iliyokwisha kushika haitoki kwa nguvu. Inabidi imwachie yenyewe. Kazi yetu ni kumweka hai mpaka imwachie."

"Itamwachia lini?"

"Sijui, mama."

Wakanipasua unyayo, ncha ya mwiba ikatoka nyeusi pamoja na usaha. Wakanichoma sindano iliyotengenezwa kwa damu ya farasi. Nilitaka sana kutania kwamba mtu asiyependa safari ametiwa farasi mwilini, na utani ule ukanikwama kifuani muda mrefu. Wakaniweka chumba cha mwisho, dirisha likazibwa kwa blanketi. Dresa, yaani muuguzi wa vidonda, aliyenishughulikia aliitwa Mutiso, Mkamba mwenye mikono mikubwa na hatua nyepesi. Siku ya kwanza akaninong'oneza, "Bwana, mimi sitakudanganya. Wa ugonjwa huu niliowaona hapa, sijaona aliyetoka kwa miguu yake. Lakini tutajaribu."

Nilimshukuru kwa macho. Afadhali mkweli anayenong'ona.

Kilichokuwa kinaniua kilikuwa sauti. Kijiko kikigusa kikombe, napindika. Kuku akiruka, napindika. Mwangaza mlango ukifunguliwa, mkono wa baridi ukinigusa, hata kikohozi changu mwenyewe. Sikuweza kukojoa, wakaniwekea mpira. Haja kubwa wakanitoa kwa maji ya sabuni, na mke wangu akanisafisha kama mtoto mchanga. Jasho lililolowanisha godoro nilisikia likidondoka chini. Chakula kilikuwa maziwa, tone kwa tone, kwa mrija mwembamba uliopitishwa kwenye pengo la lile jino. Shangazi baadaye alidai alilivunja kwa makusudi hayo.

Mwanzoni nilipigana. Nikihisi pigo linakuja najikaza, mwili mzima, ili lisinipinde. Daktari akaniona. "Usishindane na mshtuko," akasema chini chini. "Ukijikaza unausaidia. Ukija, uache upite." Rahisi kusema. Ni kama kumwambia mtu anayeangushwa kutoka juu ya ngamia asijishikilie. Lakini sikuwa na kingine cha kufanya, na mtu asiye na kingine hujifunza haraka. Pigo likija nilijifanya shuka iliyoanikwa. Upepo unaipiga, inapepea, ukipita inaning'inia. Mara nyingi nilisahau nikawa ubao tena.

Kisha wakaanza wageni.

Kwetu mgonjwa asiyetembelewa ni kama ameshazikwa. Watu walikuja kwa heshima zao zote, kwa sauti zao zote. Salamu yetu ya kwanza huuliza kama ni amani. "Ma nabad baa?" Mgonjwa anatakiwa kujibu kwamba ni amani, kisha aulizwe habari ya kichwa, ya tumbo, ya usingizi, ya mbuzi, ya mvua, kila swali na jibu lake. Wengine walitaka kusoma dua kichwani pangu na kunitemea mate ya baraka. Kila "nabad" ilikuwa rungu.

Mutiso akafunga mlango. Akasimama mbele yake na mikono yake mikubwa.

"Hakuna kuingia."

"Wewe daktari, fungua!" Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi, na Kiswahili chake. "Mimi shangasi yake. Nataka bita!"

"Mama, kelele inamuua."

"Nani biga kelele? Mimi naongea bolebole!"

Waliposikia amezuiwa shangazi mzima, wazee wakakusanyika kumtetea. Kukawa na mabishano, mtu akapiga mlango kwa fimbo. Pigo lililonishika siku ile halikuachia. Kifua kikafunga. Niliona chumba kinakuwa chembamba, nikaona uso wa Mutiso juu yangu mdomo wake ukienda, nikajisemea kumbe ni hivi. Sikuona mwanga wala marehemu baba. Niliwaza tu kwamba kuna suruali ya mtu kwenye cherehani haijapindwa.

Walinirudisha. Sijui kwa sindano ipi. Nilimsikia Mutiso akimwambia Halima pale mlangoni, na sauti yake ilikuwa imevunjika, "Mama, akipata mshtuko mwingine kama ule, mimi sina kitu tena. Nimezuia watu nimeshindwa. Kadiri ninavyozuia ndivyo wanavyozidi."

Halima alitoka nje. Mengine alinisimulia mwenyewe nilipokuwa nimepona.

Alimkuta shangazi ameketi mchangani kwenye lango la hospitali, amevunjika moyo, watu wamemzunguka wanamwuliza, "Barni, kijana yukoje? Taya lake? Amelala?" Naye anawajibu mmoja mmoja. Halima akasimama akatazama. Wageni walikuwa wanauliza, wanajibiwa, wanatoa dua, wanaondoka wameridhika. Ziara ilikuwa imefanyika yote. Kilichokosekana ni mgonjwa tu.

Akampeleka shangazi kando. "Eeddo, wewe ndiye uliyemlea?"

"Unaniuliza swali gani?"

"Basi ugua badala yake. Keti hapa langoni, nitakutandikia mkeka. Kila anayekuja kumzuru akuzuru wewe. Akiuliza kichwa, mjibu kichwa. Akitaka kusoma dua, akusomee wewe, utamfikishia. Wewe unamwita eeddo, naye anakuita eeddo. Nani atasema mgonjwa ni yupi?"

"Na kutemewa mate?"

"Utatemewa wewe."

Shangazi akafikiri. "Mimi si mgonjwa mdogo," akasema hatimaye. "Nitahitaji mto."

Ndugu zangu, aliugua vizuri kuliko mimi. Nasikia alilala ubavu, akafunga kichwa kitambaa, akawa anauguza taya kwa mkono. Wazee walifika, wakavua viatu kando ya mkeka, wakauliza kama ni amani, akajibu ni amani. Kichwa? Kinauma. Mgongo? Unapinda. Maziwa? Yanapita kwenye pengo. Wakamsomea, wakamtemea, wakamwachia sukari na tende, akavipeleka ndani vikiwa vimepungua kidogo. Waliotaka kumpita waingie aliwauliza, "Mimi hapa hamnioni?" Wakarudi mkekani. Mlango wa Mutiso haukuhitaji tena mtu wa kuusimamia.

Ikabaki ile sauti isiyo na shangazi wa kuizuia, nayo ni misafara ya malori ya jeshi. Ilipita ikinguruma mpaka kitanda kikatembea, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuiambia inyamaze. Lakini shangazi pale langoni aliyaona malori yakianza kujipanga. Akawa anainua ncha ya shuka lake. Halima anaona kutoka mlangoni, anamwambia Mutiso, naye Mutiso ananichoma sindano ya kulegeza misuli mapema, kabla ya injini. Malori yakija yananikuta nimelegea. Yalinipita. Si yote. Yapo yaliyonikuta kabla ya sindano, nikapindika, na Halima akakaa chini sakafuni amefunga masikio yake mwenyewe kana kwamba hiyo ingenisaidia.

Siwezi kuwaambia siku niliyopona, kwa sababu haikuwapo. Nililala pale nikiwa sina neno katika shauri lolote lililonihusu. Mapigo yakawa mbali mbali, kisha dhaifu. Mutiso akaja na kijiti cha kupimia mdomo, nikakitazama kwa hofu, akakirudisha mfukoni. "Basi," akasema, "taya hatulilazimishi." Siku moja mrija ukapita bila pengo. Nyingine kijiko kikaingia kwa ncha. Kicheko kilishuka upande mmoja kwanza, nikawa kama mtu anayewadharau watu kidogo tu. Neno la kwanza nililotoa lilikuwa "maji," nalo lilitoka baya, na Halima akageuka ukutani kwa muda.

Miguu haikunibeba. Nilipakatwa kushuka kitandani, nikafundishwa kusimama na mke wangu na Mkamba, kila mmoja kwapa moja. Mgongo wangu mpaka leo haukubali kuinama asubuhi. Sijibishani nao. Navaa viatu nimelala.

Namshukuru Mungu kwanza, ambaye hakutazama jina langu la utani. Namshukuru Mutiso, aliyekubali kwamba ameshindwa, na hapo ndipo tuliposaidika. Halima simshukuru hapa. Namshukuru nyumbani, na bado sijamaliza.

Ushauri wangu ni mdogo kama elimu yangu. Ukichomwa na mwiba au msumari, usikipake kidonda majivu wala mavi ya mbuzi. Kioshe kwa maji mengi na sabuni, uende ukachomwe sindano siku hiyo hiyo. Nami nilichomwa ya kinga siku ya kutoka, maana pepopunda ukikushika leo haukukingi na wa kesho. Mtu wako taya likifunga, usilibanue. Mpeleke. Ukikaa na mgonjwa asiyestahimili sauti, usipigane na wanaompenda. Wape pa kuketi na kazi ya kufanya. Na wewe uliyelala, najua hakuna unachoweza. Nami sikuweza. Usijikaze. Uache mshtuko upite, halafu mwingine, uache nao.

Siku ya kutoka nilitembea mwenyewe mpaka langoni, mkono mmoja kwenye bega la Halima, jua likiniumiza macho. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia shangazi. Nilimkuta kwenye mkeka wake, mbele yake mzee aliyekuwa ameshuka kwenye lori kutoka Modogashe asubuhi hiyo, bado ana vumbi kwenye nyusi. Ndiyo kwanza walikuwa wamefika kwenye mgongo.

Nikafungua mdomo. Shangazi akainua kiganja bila kunitazama. Ngoja.

"Na usingizi?" mzee akauliza.

"Unakuja, alhamdulillahi. Mgongo tu, asubuhi."

"Na taya?"

"Limefunguka, lakini anjera bado nakata ndogo ndogo."

Nikasimama pale nikisubiri habari zangu ziishe kuulizwa. Zilikuwa nyingi. Mzee hakuruka hata moja. Mwisho akakusanya viganja vyake mbele ya uso wa shangazi, akasema, "Mwenyezi Mungu akuponye kabisa."

"Amin," akajibu shangazi.

"Amin," nikasema na mimi, polepole, kwa mdomo wangu mwenyewe.